Silabi ya Kwanza

Kaka yangu alipobonyeza kitufe kwa mara ya nne, kikohozi cha marehemu baba yetu kilijaa tena sebuleni. Kilipasuka mara tatu kwenye spika ya televisheni, kikafuatwa na ukimya mfupi, kisha ikaja ile sauti yake ya siku za mwisho, nyembamba, imechoka: "...atatoka humu. Nimesema."

"Mmesikia," kaka alisema. Hakuwa anauliza. "Atatoka." Akamwelekezea dada yetu mkubwa rimoti kana kwamba yeye ndiye wa kuzimwa.

Dada alikuwa akikikunja kitambaa cha meza ambacho hakikuhitaji kukunjwa. Alirudi nyumbani miaka sita iliyopita baada ya ndoa yake kumshinda, na minne kati ya hiyo aliimalizia kando ya kitanda cha baba, akimgeuza, akimwogesha, akimsomea magazeti ya zamani kwa sababu mapya yalimkera. Sasa baba alikuwa ametimiza siku arobaini kaburini, na mwanawe wa kiume alikuwa anataka chumba cha dada kiwe ofisi.

"Hakusema atatoka," nilisema. "Amesema hatatoka. Kamera imemeza mwanzo wa silabi ya kwanza."

"Kamera imemeza!" Kaka aliwageukia ndugu waliokuwepo. "Leo kamera imemeza. Kesho tutaambiwa kabati limetafuna."

Baba mdogo, aliyekuwa amekaa kama msuluhishi wetu, alicheka kidogo kabla hajajizuia, na kile kicheko kilinichoma kuliko maneno yenyewe. "Mwanangu," aliniambia, "kazi hiyo ni yako, sisi hatuijui. Kama mashine ina ila, tuonyeshe. Jumamosi tunakaa tena. Ukishindwa, tutafuata kinachosikika."

Waliosema hasira hasara hawakuwa na kaka kama wangu. Nilitoka pale nikiuma meno. Nilimkasirikia yeye kwa uso wake mkavu, nikamkasirikia baba mdogo kwa kicheko chake, nikamkasirikia hata marehemu. Mtu aliyetangaza safari za treni kwa miaka thelathini na moja! Ni yeye aliyetufundisha mezani kwamba kati ya "itaondoka" na "haitaondoka" kuna abiria mzima na mizigo yake. Kazini alikuwa akisema kila tangazo mara mbili. La kwetu alilisema mara moja tu.

Lakini hasira yangu kubwa ilikuwa na anwani nyingine, nami niliijua, nikawa naizunguka kama mtu anayekwepa nyumba ya mdai wake.

Mimi ndiye niliyemrekodi baba alipotamka uamuzi wake kuhusu dada. Kazi yangu ni kupiga picha za video: harusi, mahafali, uzinduzi wa maduka. Kamera yangu ni moja ya hizi za kisasa zisizo na kioo ndani, nyepesi, yenye akili ya kumtambua mtu jicho na kulifuata popote aendapo. Watu huisifu kwa picha. Hakuna anayeuliza habari ya sauti mpaka siku sauti inapotakiwa. Siku moja kabla ya kumrekodi baba nilikuwa harusini, penye spika ndefu kama makabati, nikaiachia kamera ijipangie sauti yenyewe. Sikuirudisha. Mpangilio ule ni kama mlinzi mwoga: akisikia kishindo hujifungia ndani, na huchelewa kufungua hata kama anayebisha ni mgeni wa heri. Baba alikohoa, mlinzi akafunga mlango. Neno lililofuata lilianza na pumzi tu, maana h ni nini kama si pumzi? Pumzi ile ikabaki nje.

Ndivyo nilivyoamini. Alhamisi asubuhi nikaenda kuthibitisha.

Chumba cha baba kilikuwa kimefagiliwa mpaka kikawa kama si chake. Godoro lilikuwa limesimamishwa ukutani, dirisha liko wazi, kile kiti cha mbao chenye mihimili ya kuegemeza mikono kiko palepale. Kwenye zulia bado zilionekana alama tatu za miguu ya stendi yangu, nikaisimamisha juu yake sawasawa. Sikutaka mtu aje aniambie umbali ulikuwa mwingine. Sauti yangu ni kali na ya juu, haifanani na ya baba hata kwa bahati mbaya. Aliyeirithi sauti yake ni dada, ile nzito yenye mkwaruzo mwishoni. Nikamwomba akae kitini.

"Niseme nini?"

"Ukohoe mara tatu kwa nguvu, halafu useme, 'Hatatoka humu. Nimesema.' Mara tano. Kisha ukohoe vilevile, useme, 'Atatoka humu. Nimesema.' Nayo mara tano."

"Yaani nijifukuze mwenyewe mara tano."

"Ni jaribio tu, Dada."

"Nimesikia. Washa."

Alikohoa. Alisema. Alikohoa tena. Nilikuwa nimevaa vipokea sauti, macho yangu kwenye mistari midogo ya kijani inayopanda na kushuka pembeni mwa skrini, na kila alipokohoa mistari ile iliruka hadi kwenye wekundu, ikaanguka chini kabisa, ikatambaa kurudi juu polepole. Nilikuwa nahesabu sekunde. Sikumwangalia usoni alipofika kwenye yale matano ya pili, na ni vizuri, kwa sababu kwenye la tatu alisimama kuomba maji.

Nilipozirudisha zote kumi kusikiliza, nilipiga kofi paja langu. Zilikuwa sawa! Atatoka, atatoka, atatoka, kumi mfululizo, ingawa nusu yake alikuwa ametamka h ya kumtosha mwalimu. Nikaitoa kamera kwenye mpangilio wake, nikaushika usukani wa sauti kwa mkono wangu, nikashusha kiwango mpaka maneno yake ya kawaida yakatulia katikati ya mistari, nikamchomekea kolani maiki yangu ndogo. Tukarudia. Safari hii kikohozi kilipasuka kidogo, basi, lakini kila "ha" ilikuja nzima, na kila "a" ikaja peke yake. Hata mtoto angezitofautisha.

Kazi yote ile ilikuwa imenichukua dakika mbili. Dakika mbili nilizomnyima baba yangu kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuwahi mteja. Nilitamani kuitupa ile kamera dirishani, na mimi nifuate.

"Kwa hiyo umepata," dada alisema.

"Nimepata. Mashine inameza. Hawawezi kubisha."

"Inameza ya ndiyo na ya hapana."

"Inameza h. Neno lisilo na h halina cha kumezwa. Ndiyo maana yote mawili..." Nilikuwa nimefika pale alipokuwa ameshafika yeye.

"Basi mashine haijui alisema lipi," alisema.

"Haijui."

"Na wewe?" Aliuliza kwa utaratibu, huku akiichomoa maiki kolani na kunirudishia mkononi. "Ulikuwa umesimama hapo hapo ulipo. Masikio yako nayo yalijipunguza?"

Tangu msiba nilikuwa nimewaambia watu wote kwamba nilisikia. Nilimwambia baba mdogo, nikawaambia mashangazi, nikamwambia kaka usoni. Nililisema mara nyingi mpaka likaanza kuwa na sura ya kumbukumbu. Lakini nilikuwa nimetoka kumsikia mwanamke huyu akijifukuza nyumbani kwao mara kumi kwa ajili ya vipimo vyangu, na uongo ule sikuweza kuurudia mbele yake.

"Nilikuwa natazama kile kisanduku kinachofuata jicho," nilisema. "Baba alipokohoa aliinamisha kichwa. Kisanduku kikaruka kikaenda kwenye fremu ya dirisha. Nikawa nahangaika kukirudisha. Aliponyanyua uso alikuwa ameshamaliza kusema."

"Hukusikia."

"Sikusikia, Dada."

Sikuwa nimewahi kumwona dada yangu akikasirika. Nilidhani hana hasira, kumbe alikuwa ameiweka tu.

"Siku ile mlinitoa chumbani," alisema. "Kaka yako alipiga simu, nisikae karibu nisije nikaonekana namshurutisha mzee. Nikatoka. Miaka minne sikutoka humu hata kwenda kwenye harusi ya rafiki yangu, siku anayotaka kusema neno lake la mwisho nikasimama uani kama mpangaji! Na nilisimama kwa amani, unajua kwa nini? Nilijua wewe uko ndani. Nilijiambia, sikio langu liko ndani." Akajipiga kifuani kwa kidole. "Kumbe ulikuwa unatafuta jicho."

Niliitia maiki mfukoni. Ningeomba radhi, radhi ingekuwa ndogo mno kwa chumba kile.

Hapo ndipo tuliposikia viatu koridoni. Kaka aliingia bila hodi akiwa na futi ya fundi kiganjani. Jumamosi ilikuwa bado, naye alishakuja kupima kuta za chumba cha dada. Alituona, akaiona kamera, akatabasamu.

"Enhe, fundi mitambo. Mashine imeungama?"

Nilimpa vipokea sauti, nikamchezea zile kumi za kwanza. "Tano amesema hatatoka, tano atatoka. Niambie ni zipi."

Alisikiliza huku akiwa amekunja uso. Alijaribu. Kati ya kumi alipatia nne. Alipovivua vipokea sauti tabasamu lilikuwa limepungua, lakini halikuwa limekwisha, na niliona akili yake ikifanya kazi.

"Sawa. Mashine mbovu. Basi tuache mashine. Wewe ulikuwepo," alisema. "Apa mbele yangu kwamba ulimsikia mzee akisema hatatoka, nami nitakunja futi yangu."

Neno moja tu lilihitajika. Nafsi yangu ilinisukuma niliseme; ingekuwa haki kwa dada, au ingefanana na haki. Nilimtazama. Alitikisa kichwa, kidogo sana, kana kwamba anamkataza mtoto kugusa jiko.

"Sijui alichosema," nilimwambia kaka. "Na wewe hujui. Hakuna ajuaye."

"Afadhali umekiri." Alivuta utepe wa futi, ukatoa ule mlio wake wa chuma. "Ba'mdogo alishasema, tunafuata kinachosikika. Na kinachosikika ni atatoka."

"Mdogo wangu," dada aliniita. "Irudishe mashine kwenye ule ujinga wake."

"Upi, Dada?"

"Ule wa kujipangia yenyewe. Kama siku ile."

Niliirudisha. Nilikosea kitufe mara mbili. Nilivaa vipokea sauti, nikawasha. Dada aliegemea kiti cha baba, akakohoa, na havikuwa vile vikohozi vya adabu vya mwanzo. Alikohoa kama mtu anayetoa kitu. Mistari iligonga wekundu, ikaporomoka, na ndani ya masikio yangu chumba kizima kikazama kama kilivyozama siku ile. Nikasubiri lile shimo.

"Sitatoka humu," alisema dada. "Nimesema."

Ilisikika yote. Mlango ulikuwa umefungwa, mlinzi amejificha, lakini ile s ilipenya, kali, kama sindano kwenye gunia, na silabi zilizobaki zikaifuata. Sikuwa nimewahi kulifikiria jambo hilo kwa miaka yote ya kazi yangu. Kumkanushia mtu mwingine kwa "ha" kunahitaji pumzi tu, na pumzi hupotea. Kujikanushia mwenyewe kwa "si" kuna meno.

Nilisimamisha, nikairudisha nyuma, nikamkabidhi kaka vipokea sauti. Alisita, kisha akaweka kimoja tu sikioni, kama mtu asiyetaka kukaa. Alisikiliza. Akasikiliza tena.

"Hii si sauti ya baba," alisema hatimaye.

"Sikusema ni ya baba," dada alimjibu.

"Dada, hili ni suala la mirathi, si la..."

"Kaa chini kwanza. Huwezi kuzungumza nami ukiwa umeshika futi."

Hapakuwa na kiti kingine chumbani. Kaka alitazama huku na huku, akatazama godoro lililosimama ukutani, akabaki wima, utepe wa chuma ukining'inia mkononi mwake. Nilibonyeza kitufe chekundu cha kurekodi bila kuombwa na mtu. Kisha nilivichukua vipokea sauti kwa kaka, nikavivaa, nikaigeuza skrini itazame ukuta nisitafute jicho tena, nikawasikiliza.