Kamati ya Vifaranga na Bega la Baba Tusekile

Jana mchana niliota, na kabla hujaniambia kwamba ndoto za mchana huletwa na shibe, nakubali kwamba nilikula ndizi sahani mbili. Lakini shibe haijui habari za paneli za mwanga mwekundu. Mimi mwenyewe sikuwa nazijua mpaka wiki iliyopita.

Mume wangu, Baba Tusekile, amepiga tarumbeta kubwa la besi katika usharika wetu wa Moravian hapa Rungwe kwa miaka thelathini na moja. Kila Pasaka, alfajiri, bendi inapanda makaburini kuwatangazia marehemu ufufuo, na yeye ndiye anayeitikisa ardhi. Mwaka jana bega lake la kulia liligoma. Mkono haupandi kupita kifua. Hospitali walimpa dawa na mazoezi ya kutambaza vidole ukutani. Akayafanya siku nne, akasema ukuta wenyewe umechoka. Pasaka ilipofika alisimama kati ya makaburi mikono mfukoni. Tangu hapo ukimuuliza anasema ameshapiga vya kutosha, sasa vijana wapige.

Binti yetu Tusekile, anayeishi Dodoma, hakukubali maneno hayo. Alisoma kwamba kuna paneli za kuweka nyumbani zinazomulika mwanga mwekundu pamoja na mwanga mwingine, jirani yake, usioonekana kwa macho, na kwamba wapo watu waliopata nafuu ya viungo. Daktari aliyemuuliza alimjibu kwamba kujaribu si vibaya, ila mzee asiache mazoezi. Basi akanitumia picha za paneli tatu. Akasema nichague mimi ninayemjua baba yake, na jioni angenipigia kupata jibu.

Nikajilaza kwenye kochi, simu kifuani, nikasoma habari za umbali na dakika na namba za mwanga mpaka macho yakakataa. Namba hazikunitisha sana. Kilichoniumiza ni kumchagulia dawa mtu anayesema hataki kitu. Kama kweli hataki, hata tungemletea jua lenyewe sebuleni angelianikia soksi.

Hapo usingizi ukanichukua.

Naingia kwenye chumba cha vifaranga. Ninao mia mbili, wanaishi kwenye bruda, yaani boma dogo la maboksi lenye balbu nyekundu ya kuwapa joto, kwa sababu huku kwetu kifaranga asiye na taa hamalizi wiki. Nimekuja kuwaongezea maji. Nakuta wamekaa kwenye madawati, na mbele yao juu ya meza amesimama kifaranga mmoja mwenye sauti nzito ya besi.

"Umechelewa, mama," ananiambia. "Kamati imeshaanza."

Nauliza kamati ya nini. Anajibu kwamba ni kamati ya kuchagua paneli, na yeye ni mwenyekiti. Namuuliza kwa heshima ana uzoefu gani katika mambo hayo.

"Nimeishi chini ya taa nyekundu maisha yangu yote," anasema.

"Miaka mingapi?"

"Siku tatu."

Siwezi kubisha. Mimi nina miaka hamsini na sita na sijaishi chini yake hata dakika moja. Naonyeshwa kiti, nakaa.

Paneli ya kwanza inaingia kiubavu kwa sababu ni ndefu kuliko mlango. Feni zake zinavuma mpaka makaratasi ya kamati yanaruka. Inajitambulisha kwamba inatibu viungo, ngozi, nywele, usingizi na mitihani ya darasa la saba. Mwenyekiti anaiuliza nguvu zake. Inataja namba kubwa sana, na vifaranga wa nyuma wanasimama ili waione vizuri.

Mwenyekiti anataka kujua namba hiyo ilipimwa kwa umbali gani. Paneli inasema ilipimwa ikiwa imegusana na kipimo. Inaambiwa irudi nyuma hatua moja itaje tena. Inarudi, inataja, na sauti imepungua. Inarudi hatua nyingine, inataja kama mtu mwenye mafua. Inapofika mlangoni tunaona midomo inacheza tu, na katibu anaandika kwamba mgombea hakusikika.

Nageuka kumwambia jirani yangu kwamba sikuwahi kuona uongo unaopungua kwa hatua, nakuta tuko saluni. Vifaranga wamejipanga chini ya vikausha nywele, wanasoma magazeti. Mbele yangu kuna kioo, na juu ya kioo imekaa paneli ya pili, nyekundu tupu, nzuri sana. Inaniangazia usoni. Makunyanzi yangu yanainuka moja moja, yananipa mkono wa kwaheri, yanatoka nje kwa adabu. Kwenye kioo amebaki msichana wa miaka ishirini na mitano aliyewahi kukataa posa mbili.

Mwenyekiti anaiuliza paneli inaingia mwilini kina gani.

"Nabisha hodi kwenye ngozi, nakaribishwa barazani," inasema. "Vyumba vya ndani sijawahi kufika."

Anaiuliza kama inajua maumivu ya mzee yako wapi. Inajibu bila aibu kwamba yako vyumba vya ndani.

Hapo nanyoosha mkono. Nasema kwamba kwa maoni yangu paneli hii inafaa, kwa sababu mgonjwa akiona mke wake anang'aa atapata ari, na ari huanzia begani. Naeleza vizuri, na mifano natoa. Mwenyekiti ananigeuzia upande mmoja wa kichwa, ananitazama kwa jicho moja kama kuku wanavyotazama.

"Mama, tumekutana hapa kwa bega la nani?"

Nasema la Baba Tusekile. Mlango unafunguliwa, makunyanzi yanarudi, yananiomba radhi, kila moja linakaa mahali pake. Nakiri kwamba nilisikitika.

Nikifuta machozi, kitambaa kina umande. Tuko mlimani, makaburini, ni Pasaka, ukungu umelala juu ya misalaba. Paneli ya tatu imewekwa kwenye majani. Ni ndogo, ukubwa wa sinia, na nusu ya taa zake nyekundu zinawaka, nusu nyeusi tii. Mimi bidhaa mbovu nazijua. Nasema hii imeungua, irudishwe dukani kabla hawajafunga.

"Hazijaungua," inasema taratibu. "Hukupewa macho ya kuziona."

Nasema maneno kama hayo nimewahi kuambiwa na aliyeniuzia redio. Simu yangu inanyoosha mkono kutoka kifuani.

"Mimi naziona," inasema. "Zinawaka zote. Zina uzambarau kidogo."

Naiuliza kwa nini siku zote haikuniambia kwamba inaona vitu nisivyoviona. Inasema tangu ninunue vocha ya kwanza naiuliza habari za misiba tu. Katibu anaandika kwamba shahidi ameaminika.

Ndipo Baba Tusekile anapotokea kati ya makaburi, kavaa koti la bendi, tarumbeta liko miguuni pake. Hanisalimii. Karatasi ya maelekezo inajikunjua, inaanza kujisoma kwa sauti ya mzee wa kanisa. Inasema ngozi iwe wazi, na koti linajivua, shati linafuata, vyote vinajikunja na kukaa juu ya kaburi la marehemu mchungaji. Inasema macho yalindwe, na kila mmoja anapewa miwani nyeusi, vifaranga wakiwemo. Kutoka chini ya ardhi sauti inaomba jozi sita.

Inasema umbali uwe shubiri moja. Unakuja mkono usio na mwenyewe, unaweka kidole gumba begani kwa mume wangu na kidole cha mwisho kwenye paneli, unatulia hapo.

Inasema dakika kumi. Wanapanda kilima wanawake kumi, wote sare ya kitenge cha idara ya akina mama, wananisalimia, wanakaa kwenye majani kungoja zamu zao. Nyuma yao anakuja wa kumi na moja na chupa ya chai. Anasema ikiwa dakika kumi zinasaidia, yeye atasaidia zaidi. Mwenyekiti anamwambia nafasi zimejaa. Anasema yeye na wa kumi ni ndugu wa tumbo moja. Anaambiwa hata hivyo. Anashuka kilima akinung'unika, na chai anaondoka nayo.

Kila kitu kiko tayari, lakini paneli haiwaki.

"Mama aseme anataka nini," inasema.

Nasema nataka mume wangu apone.

"Hilo limeandikwa kwenye fomu. Sema la kwako."

Kamati inangoja. Dakika zinangoja. Marehemu, kwa jinsi ninavyosikia, nao wanangoja. Bahati nzuri Baba Tusekile amevaa miwani nyeusi, hanioni.

"Nataka kelele," nasema.

Wanataka nifafanue. Nawaeleza kwamba kwa miaka thelathini na moja amefanya mazoezi kila jioni kwenye migomba nyuma ya jiko, na kila jioni nimemlalamikia. Nimesema anawatia wazimu kuku. Nimejaza pamba masikioni mbele ya macho yake ili anione. Sasa nyumba imetulia. Nasikia saa ya ukutani inavyotembea, nasikia wali unavyokauka, na nauchukia utulivu huo kwa moyo wangu wote.

"Naogopa," nasema. "Naogopa kwamba amekubali kweli."

Paneli inawaka. Hakuna kinachoonekana kuongezeka, nusu ya taa ni nyeusi kama mwanzo, lakini kamati, iliyokuwa imetua juu ya misalaba, inashuka kwenda kupima. Mfugaji hatazami balbu, anatazama vifaranga. Wakirundikana chini yake, wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni, joto limezidi. Wakitawanyika sawasawa wakalala, ondoa mkono wako, usiguse chochote. Vifaranga mia mbili wanatembea kati ya makaburi na miwani yao nyeusi, wanazunguka miguu ya mume wangu, wanatawanyika mmoja hapa mmoja pale, wanalala.

"Imepita," anasema mwenyekiti.

Dakika zinaanza kuinuka, moja baada ya nyingine, zikijipangusa majani. Mwenyekiti anapanda begani kwangu kuninong'oneza. Anasema kuna jambo haliko kwenye ajenda, na aliahidi kutolisema, ila ana siku tatu tu duniani na hajajifunza kutunza siri.

"Huyu mzee tunamfahamu," anasema. "Kila ukilala mchana anakuja kwetu. Anavua shati, anakaa kwenye kigoda, anaweka bega chini ya balbu yetu. Sisi tunasogea."

Namuuliza huwa anasemaje.

"Hasemi. Anahema kwa mashavu, pu, pu, pu, kama anapiga kitu ambacho hakipo."

Dakika ya kumi inasimama, inakung'uta kitenge chake, nami nikaamka.

Nilikuwa kwenye kochi, simu imeteleza chini, saa ya ukutani inatembea. Baba Tusekile aliingia kutoka uani akifunga vifungo vya shati. Nilimuuliza ametoka wapi. Akasema alikwenda kuwaangalia vifaranga kama wana maji. Nikamshukuru, nikamwambia chai iko kwenye chupa.

Akainama kuokota simu yangu. Ukosi wa shati ulifunguka, na kwenye ngozi ya bega lake la kulia nikaona limenata nyoya la kifaranga, la manjano, dogo kama unyuzi wa mahindi. Maji ya kuku hayawekwi kwa bega, na hayahitaji mtu kuvua shati. Nikapokea simu. Yeye akaenda jikoni kumimina chai.

Sikungoja jioni. Nilimpigia Tusekile nikamwambia achukue ile ndogo, ambayo kwenye picha nusu ya taa zake zinaonekana zimekufa. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema hiyo ndiyo inayoingia ndani, tena haina feni.

"Na baba je?" akauliza. "Si amesema hataki?"

"Baba yako anataka," nikasema, kwa sauti ya kufika jikoni.

Tusekile akauliza kama amesema mwenyewe. Jikoni kijiko kiliacha kukoroga. Nikashikilia simu, naye huko Dodoma akashikilia yake.

"Mama Tusekile," sauti ikatoka jikoni. "Mwambie ifike kabla ya Pasaka."