Udongo Usikaangwe

Mama mwenye binti aliyeolewa karibuni, nisikilize kabla hujambebea udongo.

Mwaka 1954 Eustadia wangu aliolewa Chonyonyo. Maharage yake yaliota vizuri, kisha mashina yakaoza kwa chini, yakalala. Akapanda tena, yakaoza tena. Mama mkwe wake, Deodatha, akatangaza: "Bibi harusi huyu ana mkono wa kuozesha. Yakioza mara nyingine, arudi kwao." Habari hiyo ikanifikia.

Kwetu Nyaishozi, kwenye kibanja cha zamani, shamba letu la migomba, sikuwahi kuona maharage yakioza hivyo. Nikakumbuka maneno ya Sista wa misheni aliyenichoma sindano za kifua kikuu: "Dawa hii, mama, hutengenezwa na vijidudu vya udongoni, vikipigana na wenzao." Nikawaza, labda kwetu wapiganaji wapo, kule hawapo. Nikajaza udongo kapuni, nikaenda.

Deodatha alichungulia kapu. "Heh! Mkwe, huku kwetu udongo umekwisha?"

"Ni wa maharage ya mtoto."

"Wa maharage, au wa kuturoga?"

Akaweka kigae motoni, akaukaanga udongo wangu kama karanga, eti uchawi ufe. Sikumzuia, nikiogopa kumharibia binti yangu. Kapu lilipofika nusu, kuni zikaisha.

"Haya," akasema, jasho likimtoka, "uliobaki utieni kwenye tuta la pale njiani. Tutaona nani ataugua."

Eustadia akatia mbegu: mashimo mengi kwa udongo wa kukaanga, tuta moja kwa ule mbichi. Nikarudi nyumbani, nikasali kila nilipoinama kupalilia.

Siku moja nikaitwa Chonyonyo. Njia nzima nilijua naenda kumchukua mwanangu na mzigo wake. Nilipofika, penye udongo wa kukaanga maharage yalikuwa yamelala. Tuta la njiani lilisimama, limetoa maua. Deodatha aling'oa mche mmoja, akageuza mizizi: myeupe, mizima.

"Mkwe," akasema, "kapu lako liko wapi?"

"Nyumbani."

"Sasa umekuja kufanya nini bila kapu? Na kuni zangu sipotezi tena!"

Kwa hiyo mama, beba mchana, watu wakuone. Wakitaka kuuweka motoni, kataa, hata ukiogopa kama mimi. Ukikaangwa, walinzi wake wanakufa.

Deodatha aliufuta mche ule kwa kanga yake, akaurudisha ardhini. Kisha akaita kuelekea jikoni: "Eustadia, mwanangu! Weka ndizi. Mama yako amekuja."