Lori Limeganda Darajani

Alikuja kwa wiki mbili. Ndivyo walivyokubaliana watoto wote watatu siku mama yao alipoteleza bafuni akavunjika nyonga: kitinda mimba aje akae naye wiki mbili, mambo yatulie, kisha wapangiane zamu. Sasa hebu niambie, ni nani amewahi kuona zamu ya watu watatu ikipangwa na wawili wasiokuwepo? Mambo yalitulia, tena yalitulia mno. Kaka Mkubwa akarudi kwake, Kaka wa Pili akarudi kwake, na kitinda mimba akabaki na beseni, vidonge na kengele ndogo ambayo mama huitikisa akitaka kugeuzwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu walimpa jembe siku ya kwanza, na hakuna aliyekumbuka kuja kumpokea.

Nyumbani walimwita Dereva. Hakuwa na leseni, hata baiskeli hakuwa nayo. Jina alilipata kwa sababu ya gemu lake la malori, ambalo alilicheza tangu usichana na halikumtoka hata alipopata kazi ya mapokezi katika kampuni ya kusafirisha mizigo. Huko mjini alikuwa na chumba chake cha kupanga, chenye dirisha linalotazama barabara, na bosi aliyemwambia kwamba nafasi yake itamsubiri, ila isisubirishwe sana. Vitu hivyo viwili, chumba na nafasi, alivishika moyoni kama mtu anavyoshika ufunguo mfukoni. Akiosha vyombo, alikuwa chumbani kwake. Akifua mashuka, alikuwa njiani kwenda kazini.

Nyumba ya mama ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na Dereva aliijua sasa kuliko alivyotaka. Alijua mlango upi unalia na kigae kipi kimelegea. Pembeni mwa kitanda cha mama kilisimama kile kifaa cha chuma cha miguu minne ambacho mgonjwa hushikilia akijifunza kutembea tena. Zamani kidogo alikuwa akija mtu wa mazoezi ya viungo, akimsimamisha mama nacho na kumhesabia hatua. Siku moja hakuja tena. Tangu hapo kifaa kikapata kazi nyingine, maana kilikuwa na kimo kizuri cha kuanikia taulo.

Kompyuta aliletewa na Kaka Mkubwa. Dereva alikuwa amempa ufunguo wa chumba amchukulie nguo chache, na kaka mtu akafika na nguo zote, viatu vyote, na ile kompyuta kuukuu ya gemu, kubwa kama sanduku la mabati. Aliipanga mwenyewe sebuleni, Dereva akiwa anamlisha mama. "Usije ukachoka na upweke, mdogo wangu," alisema, na kitambaa alichoiviringishia akakisukumia chini ya meza. Dereva alilia kwa furaha. Naomba ukumbuke kwamba alilia, kwa sababu baadaye alijionea haya.

Basi mama akilala mchana, Dereva alipakia mbao, akakaza kamba, akaondoka. Katika kioo kile kulikuwa na barabara ndefu, vituo vya mafuta, mvua ikipiga kioo cha mbele, na hakuna mtu anayetikisa kengele. Lakini mashine ilikuwa imezeeka na gemu lilikuwa limeongezwa mambo mengi. Kila alipofika kwenye daraja la kuingilia mji mkubwa, picha iliganda. Lori likasimama nusu daraja, magurudumu hayazunguki, na mji uko pale mbele unaonekana. Akazima, akawasha, akaanza safari upya, akaganda palepale. Siku ya nne au ya tano alipiga ngumi meza mpaka mama akaamka.

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu, mama. Nimekwama."

"Si peke yako," mama akasema, akageukia ukuta.

Kesho yake alimwomba jirani akae na mama kidogo. Alivuta kile kitambaa chini ya meza, hakukikunjua hata, akafunga mashine kwa haraka upande mweupe ukiwa nje, akaibeba kifuani hadi kwa fundi wa kompyuta mtaa wa pili. Fundi huyu watu walimwita Taratibu, maana hakuna kitu duniani kilichowahi kumkimbiza.

Taratibu aliifungua, akapuliza vumbi, akatazama. "Si virusi," alisema. "Imeshiba tu. RAM yako, ile kumbukumbu inayotumia ikiwa kazini, ni giga nne, na gemu lenyewe linataka zaidi ya hizo, kabla hujafungua kitu kingine. Ni mtu mmoja kwenye meza ndogo, umempa kazi ya watu watatu."

"Namjua mtu huyo," Dereva alisema.

Taratibu akacheka kwa pua. Akachukua vibao viwili vyembamba vya RAM, akamwonyesha. Hiki kipya kabisa, cha mashine za siku hizi, hakitaingia hata ukisukuma kwa nyundo, kwa kuwa mkato wake uko mahali pengine. Lazima cha kizamani. Mazabodi yake, yaani ubao mkubwa unaobeba kila kitu, una nafasi mbili, moja imekaliwa na moja ni tupu. "Sasa chagua. Njia ya kwanza, tunaongeza nyingine ya giga nne iliyotumika, zinakuwa nane. Lori litavuka, ila likitoka gemu jipya utalia tena. Njia ya pili, tunatoa hii, tunajaza nafasi zote kwa nane na nane. Kumi na sita. Hapo ndio mwisho wa ubao huu, hautakuomba tena. Mimi nikuulize swali moja tu. Unataka kukaa nayo muda gani, hapo ulipo?"

Dereva alitoa simu. Akampigia Kaka Mkubwa, kwa sababu ndiye aliyesema atalipia.

Simu ilikuwa na sauti kubwa na fundi akasikia yote. "Chukua kubwa!" Kaka alisema kabla hajamaliza kueleza. "Kumi na sita, hakuna mjadala." Nyuma yake mkewe akadakia: "Wifi, chukua kubwa, unastahili!" Kaka wa Pili naye akaunganishwa, na siku hiyo, mtu ambaye hupatikana kwa shida hata sikukuu, alipokea mara moja. Alisema yeye ataongeza kiti kizuri cha kukalia, na intaneti ya waya, na labda feni. "Ukae ukijisikia vizuri, mdogo wetu. Kitu cha kudumu. Cha miaka."

Mkono mtupu haulambwi, na mikono ile ilikuwa imejaa. Dereva alitaka kushukuru. Neno *miaka* likamzuia.

Taratibu, asitake mashine ikwaruzwe, aliinua kitambaa kutoka sakafuni, akakitandaza mezani. Kitu kikalia kwenye mbao, kri-kri-kri. Zilikuwa pete za kutundikia. Upande wa ndani kulikuwa na majani ya njano, na kona moja imeungua kidogo pale pasi ilipoangukia mwaka ule Dereva alipohamia mjini.

"Kaka," Dereva alisema. "Pazia langu limefikaje huku?"

Dereva akazigusa zile pete.

"Mtu anayefuata nguo hashushi pazia. Ulilishusha la nini?"

"Sikiliza, mdogo wangu. Chumba kilikuwa kinakula kodi bure."

"Umerudisha ufunguo wangu?"

"Tulitaka kukwambia taratibu," wifi alisema, na fundi akainua kichwa akidhani ameitwa. "Ni kwa wema, wifi. Na pale kazini kwako Kaka yako alipita, akawaeleza. Wameelewa kabisa. Wameshamweka mtu."

Dereva hakupiga kelele. Aliona tu duka lile dogo, lenye nyaya na mashine zilizotumbuliwa, linasogea karibu yake kutoka pande zote. Kumbe wiki zote hizo alipokuwa akioshea vyombo chumbani kwake, hakukuwa na chumba. Alikasirika, akakasirikia hasira yake, kwa sababu mama ni mama, na asiye na mama wa kumgeuza hana cha kulalamikia. Ndivyo tulivyofundishwa wote. Asiyefundishwa hivyo ni mwana wa kiume.

"Weka ya giga nne," alimwambia fundi. "Zifike nane."

"Hiyo itajaa upesi!" Kaka alilalama. "Fundi, mwambie!"

"Itajaa," Taratibu alikubali, bisibisi mkononi.

"Ikijaa nitakuwa nimeshaondoka," Dereva alisema, akakata simu.

Maneno makubwa hayo. Njiani kurudi, na mashine kifuani, alijiuliza ataondoka kwenda wapi, asijue. Pazia alikuwa amelikunja vizuri, majani yakiwa nje.

Jirani aliaga. Dereva akaunganisha nyaya, akapakia mbao zake, akaondoka. Darajani picha ilisita, ikatetemeka, halafu lori likapita polepole na kuingia mjini, katikati ya majengo ambayo hakuwahi kuyaona karibu. Alikuwa ameingoja siku hiyo. Sasa alikaa akiyatazama majengo, mikono mapajani, bila raha yoyote.

"Limevuka?" mama aliuliza kutoka chumbani.

"Limevuka."

"Kaka yako amenipigia. Anasema umemdharau. Alitaka kununua kubwa, wewe ukang'ang'ania ndogo."

Dereva aliingia, akasimama mlangoni tayari kwa mahubiri. "Na wewe mama ungetaka ipi?"

"Mimi?" Mama alicheka kicheko kikavu. "Mimi tangu lini naulizwa? Hata yule mtu wa mazoezi sikuulizwa. Nilikuwa nimeshafika dirishani kwa miguu yangu. Halafu nikaambiwa haji tena, umesema utaniweza mwenyewe."

"Nani alisema hivyo?"

"Kaka yako."

Dereva alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Mimi niliambiwa wewe ndiye uliyemkataa. Kwamba umechoka na maumivu, tusikusumbue."

Wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kutazamana bila kijiko katikati yao. Mama mtu alikuwa amemhurumia binti anayejitwika mzigo peke yake, na binti alikuwa amemhurumia mama aliyekata tamaa, na kwa huruma hiyo kila mmoja alinyamaza akamfungia mwenzake mlango. Wale wa mbali walichofanya ni kugeuza ufunguo tu.

"Anua hizo taulo," mama alisema.

"Mama, bado hazijakauka."

"Nimesema anua."

Dereva akaanua taulo moja moja, akazitupa kitini. Chuma kilionekana chembamba bila nguo. Akakivuta hadi kando ya kitanda, akamkalisha mama, akamshusha miguu. Miguu ilikuwa imekonda na soksi zikawa kubwa. Kutoka sebuleni injini ya lori ilinguruma, limewashwa katikati ya mji na hakuna mtu.

Mama alishika vishikio viwili. Dereva akainama, akampitishia mikono kwapani kumnyanyua, kama anavyofanya kila asubuhi.

"Usininyanyue," mama alisema, akihema. "Nishike tu nisianguke. Ukininyanyua, tutakaa humu wote wawili."