Nani Hapa si Jadak?

Sitaki mtu acheke. Nilichekwa vya kutosha siku ile, na hasira haijanitoka mpaka leo.

Mimi ni Enos, fundi cherehani wa Luanda Kotieno. Marehemu baba alihamia ufuo huu wa ziwa kabla sijazaliwa, akapewa kipande cha kulima. Miaka hamsini ikapita, na mimi bado waliniita jadak, yaani mtu wa kuja, anayekaa kwenye ardhi ya ukoo wa wengine. Mke wangu Apiyo nilimzika hapo hapo mwaka wa 1951. Mtoto hatukujaliwa. Kila jioni nilikaa kando ya kaburi nikampa habari za siku, maana nyumbani hakukuwa na mtu wa kuniuliza hata kama nimekula. Upweke uliniuma, sitaficha.

Mwaka wa 1956 ukoo ukataka kurudishiwa shamba lake, nikaitwa na wazee kujitetea. Shamba ningeliacha. Kaburi, hapana!

Wiki ile nilinunua sukari dukani kwa Bwana Hasmukh, akanifungia kwa gazeti kuukuu. Nikasoma kwamba wataalamu fulani wanadhani huenda uhai haukuanzia duniani. Huenda mbegu yake, ndogo hata jicho haiioni, ilisafiri ndani ya jiwe kutoka angani, ikaanguka majini, ikazaana mpaka tukapatikana sisi. Nikamuuliza Hasmukh kama ni kweli.

"Hakuna mtu alikuwepo, fundi," akasema. "Lakini mawe kutoka juu yanaanguka, hiyo kweli."

Ikanitosha. Nikasimama mbele ya wazee na karatasi yangu.

"Wazee wangu, kama uhai wote ulitoka huko juu, nani hapa si jadak? Samaki ni jadak, ng'ombe ni jadak. Hata wewe, Mzee Obiero!"

Yawa! Walicheka mpaka wakashikana mabega. Obiero, mkuu wa ukoo, akafuta machozi.

"Sawa, Enos, sote tulianguka. Lakini sisi tulianguka kwanza."

Kisha akauliza kwa upole, "Na hiyo mbegu, ilikuja na wenzake?"

"Gazeti halisemi. Nadhani ilikuja peke yake."

"Maskini," akasema, na wote wakanitazama. Nilijua wananihurumia mimi, nikachukia.

Uamuzi ulikuwa kwamba nihame baada ya mavuno. Kaburi halitaguswa.

"Apiyo si jadak tena," Obiero akasema. "Ardhi imeshampokea. Huyo sasa ni wetu."

"Na mimi je?"

"Wewe bado unatembea juu ya ardhi."

"Basi niachieni nafasi kando ya mke wangu," nikasema. "Sitachelewa."

Wakacheka tena, wakidhani nimewatania.