Mfupa Ulioungua kwenye Asidi

Vumbi la mfupa lilimkaa Woinshet kwenye nyusi, jeupe, jepesi. Miaka kumi na mmoja kwenye maabara hii ya Addis Ababa, akilainisha mifupa ya watu ili ikatike nyembamba kama ganda la kitunguu. Amechoka. Amechoka mpaka kwenye kucha.

Mfupa huu ulitoka kwenye goti la Hirut, binti wa miaka kumi na miwili. Kwenye darubini seli zake zilikuwa duara, ndogo, za buluu, zote sura moja. Saratani ndiyo, lakini ipi? Ipo inayosikia dawa, ipo inayotaka msumeno. Sura hazisemi. Jeni ndizo husema.

Na jeni alizichoma mwenyewe. Ijumaa foleni ilikuwa ndefu, akautia mfupa wote kwenye asidi kali, ile ya haraka, akaenda zake nyumbani. Jumatatu ulikuwa laini kama mkate wa injera wa asubuhi, na kipimo cha jeni kikarudi kitupu. Mfupa haukutaja jina la saratani.

Akaenda wodini.

"Kosa ni langu, Gashe Tefera," akamwambia baba wa mtoto, akimwita Gashe kwa heshima ya kaka mkubwa. "Tunahitaji kipande kingine."

"Keshokutwa wanakata mguu, dada. Unajua?"

"Najua, Gashe. Nimewaomba wasubiri."

Kitandani Hirut akacheka, kicheko kikavu. "Kumbe ni wewe uliyeupika mfupa wangu?"

"Ni mimi."

"Basi safari hii usiunguze."

Madaktari wakakubali kusubiri, kipande kipya kikachukuliwa, na safari hii dawa ya polepole, ile isiyochoma jeni. Daktari akipita: bado? Bado. Baba akipita: bado? Bado. Woinshet anabadilisha dawa, ananawa, anabadilisha tena. Uchovu umempanda mabegani kama mtoto asiyetaka kushuka. Mfupa haujataja jina.

Siku ya kumi na nne akazima taa ya chumba cha darubini. Katika kila seli, nukta nyekundu na nukta ya kijani, rangi alizozibandika kwenye ncha mbili za jeni. Kwenye seli yenye afya hukumbatiana. Hapa jozi moja imeachana, nyekundu kule, kijani huku, seli hadi seli. Jeni imevunjika palepale saratani moja tu huivunja. Mfupa umetaja jina.

Akampigia daktari. "Ni ile inayosikia dawa. Msumeno uwekeni chini."

Hakuinuka. Nuru zile hufifia ukizitazama sana. Akazitazama hivyohivyo, jicho limebanwa kwenye lenzi, zikazimika moja moja, na mguu wa Hirut ukabaki.