Saumu ya Mwinjilisti na Mbuzi wa Bi Hadidja

Mwinjilisti Anselme alipokuwa kazini alikuwa mtu mmoja, na alipokuwa mapumzikoni alikuwa mtu mwingine. Na huyu wa pili ndiye aliyemchosha mkewe. Kule Basoko, alikohubiri miaka minne, alipasua kuni, alipiga makasia, alifundisha watoto kusoma, na usiku usingizi ulimchukua kabla hajaifikia Amina ya sala yake. Lakini tangu meli iwateremshe Kisangani, Aprili ya mwaka 1955, mkono wake haukushika kitu kizito kuliko kikombe. Kila aliyemwamkia alimwomba habari za safari, naye hakuwa bahili wa habari. Mto uliokuwa na mamba mmoja siku ya Jumatatu, ulikuwa na mamba watano ilipofika Jumapili.

Alphonsine, mkewe, aliwalea mamba hao kimya kimya. Alikuwa na haja moja kubwa, na mwenye haja hagombi na mamba.

Haja yenyewe ilikuwa binti yao, Claire. Misheni iliwapa miezi miwili wapumzike, kisha lori lingewapeleka kijiji kilicho mbele ya Bengamisa, ambako shule ya wasichana iliishia darasa la pili. Claire alikwisha kulipita darasa hilo, na Basoko ilikwisha kumla miaka yake. Alphonsine alitaka mtoto abaki mjini asome, na nyumba ya kumweka ilikuwa ile ile waliyofikia wote: nyumba ya Bi Hadidja, mama mkubwa wa Alphonsine mwenyewe, katika mtaa wa Waungwana, Waislamu wa mji.

"Binti wa mwinjilisti," Anselme alisema kila alipoulizwa, "aamshwe kwa adhana? Papa Émile, mzee wetu wa kanisa, atasema nini? Kanisa zima litasema nini?"

"Na mimi niliamshwa kwa nini?" akajibu mkewe.

Hapo Anselme alirudia habari za mamba wake. Baba yake Alphonsine, mvuvi wa kule maporomokoni, alimbatizisha mwanawe. Lakini mama alipofariki, ni Bi Hadidja aliyemchukua yule yatima. Kila Jumapili alimwogesha, akampaka mafuta, akampeleka kanisani, kisha yeye akarudi kwenye msala wake. Alipoulizwa na majirani, alijibu, "Mtoto huyu ni amana. Amana hairudishwi ikiwa na upungufu."

Basi mambo yalikuwa hivyo, hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa, Ramadhani ikaandama.

Jioni ya kwanza Bi Hadidja aliandaa futari uani: tende, uji, ndizi za kupika, na samaki wa mchuzi. Alimwalika shemeji yake, Mwalimu Lukumani, mzee aliyesomesha watoto Kurani na kusema maneno machache kwa siku. Jua lilipozama, Bi Hadidja, kwa adabu ya mwenyeji, akamgeukia mgeni.

"Mkwe wangu, wewe ni mtu wa Mungu. Tuombee chakula."

Alphonsine akafumba macho, si kwa ibada bali kwa hofu. Anselme akasimama. Akaanza na kuumbwa kwa nuru, akapita gharika, akakaa sana na Ibrahimu kwa heshima ya wenyeji, akavuka bahari pamoja na Musa, naye Musa hakwenda kwa haraka. Mwalimu Lukumani alikuwa na tende kati ya vidole viwili, nusu ya njia ya kinywani, na mkono haukutikisika. Uji ukafanya utando. Gizani jirani mmoja akanong'ona, "Yarabi, bado manabii wangapi?"

Aliposema Amina, waliitikia kwa sauti ambayo Anselme hakupata kuisikia katika kanisa lolote, akaihesabu kuwa ni baraka.

"Kufunga ni kazi," Mwalimu Lukumani alisema alipokwisha kunywa maji. "Na ninyi hufunga?"

Alphonsine akalitafuta goti la mumewe alifinye, akachelewa.

"Mwalimu," akasema Anselme, "kule Basoko nilifunga siku tatu mfululizo. Mchana na usiku. Hata uji sikuugusa."

Alphonsine alizikumbuka siku hizo tatu. Mumewe alikuwa na homa. Kila alipoletewa uji aliutazama kama mtu atazamavyo deni, akageukia ukutani. Homa ilipomwachia alikula samaki wawili, akauliza wa tatu yuko wapi.

"Mashaallah!" akasema Mwalimu kwa moyo safi. "Basi kesho tufuatane, siku moja tu."

"Siku moja!" Anselme akacheka. "Siku moja ni mchezo."

"Nitakuamsha daku," akasema Bi Hadidja, "ule kabla ya alfajiri."

"Sisi hatuna daku, mama. Tukifunga, tumefunga."

Walipokuwa chumbani Alphonsine alimwambia, "Baba Claire, wewe hujapata kuifikia saa nne bila kitu tumboni tangu nikujue."

"Roho i radhi," akasema Anselme, akalala.

Asubuhi aliamka akiimba. Saa nne wimbo ulikuwa umepungua beti. Adhuhuri alikuwa amelala kwenye mkeka akimtazama kuku apitaye, kwa macho ambayo kuku yule hakuyapenda, akaondoka. Alasiri akainuka ghafla, akachukua mfuko wake wa Biblia.

"Nakwenda migombani kuomba peke yangu."

Alirudi uso unang'aa. "Bwana amenitia nguvu," akasema.

Alphonsine alimsogelea, akamfuta sharubu kwa ncha ya kitenge. Kwenye kitenge pakabaki punje nyeupe, na harufu ya kwanga, ule mkate wa muhogo ufungwao majanini, haijifichi.

"Nguvu hizi," akasema polepole, "zilikuwa kwenye majani?"

Anselme akatia mkono mfukoni kutafuta kitambaa chake cha mkononi, ajipanguse jasho. Mkono ukatoka mtupu. Akatia mfuko wa pili. Rangi ikamtoka.

"Nilisikia nyayo," akanong'ona. "Nikakiacha kule, pamoja na nusu iliyobaki. Nimevifukia kwa majani makavu."

Kitambaa chenyewe alikishona Alphonsine siku za uchumba, na kukitia kwa uzi mwekundu maneno mawili: SHINDA TAMAA. Kanisani hapakuwa na asiyekijua, kwa sababu Anselme alikipunga mimbarini.

Kabla hajaweza kurudi migombani, mlango wa ua ukabishwa.

"Hodi! Bon, Mwinjilisti iko wapi? Nimesikia anafunga pamoja na Waislamu, nikasema, hapana, mimi Émile nitakwenda kuona mutu huyu kwa macho yangu!"

Mzee wa kanisa, Papa Émile, mvuvi mwenye kifua kama ngoma, akaingia, akapewa kiti cha heshima karibu na sinia. Mwalimu Lukumani akafika nyuma yake na majirani wawili. Jua lilikuwa bado halijagusa paa. Anselme akaketi kama mtu aliyekalia siafu.

"Uso wake, tazameni!" akasema Papa Émile. "Unawaka. Jumapili nitasimama mbele ya kanisa, nitasema: huyu ndiye mutu wa kupelekwa Bengamisa. Njaa inamuogopa."

"Inamwogopa sana," akasema Alphonsine.

Hapo ndipo alipotokea Sultani.

Sultani alikuwa beberu wa Bi Hadidja, aliyenoneshwa kwa ajili ya Idi kubwa, naye hakuwa na habari ya Idi wala ya kamba. Alitoka migombani kwa mwendo wa mwenye nyumba. Kinywani alikuwa akitafuna jani la kwanga, na kwanga yenyewe ikimdondoka ndevuni. Na kwenye pembe ya kushoto kilining'inia kitambaa cheupe chenye maneno mekundu.

Wote wakamtazama. Alphonsine aliona maisha ya binti yake yakija kwa miguu minne. Papa Émile akikiona kitambaa, Jumapili kanisa zima litajua. Bengamisa itapewa mwingine. Na Anselme akiaibika mbele ya wakwe, hatamwacha mtoto katika nyumba hii hata kwa dawa.

"Ala!" akasema Papa Émile, akinyoosha shingo. "Hii si kwanga? Nani anakula kwanga mchana katika nyumba ya wafungaji?"

Bi Hadidja alitazama pembe ya mbuzi. Akamtazama mkwewe, mara moja tu, kwa kuwa mkwe hakodolewi macho. Alikuwa na saumu, na mwenye saumu hasemi uongo. Akashika kiuno.

"Papa Émile, mbuzi huyu hana dini! Nimemfuga miaka miwili, hajapata kufunga hata siku moja. Jana kaingia jikoni, juzi kala kanzu ya Mwalimu. Muulize yeye mwenyewe kama anaona haya!"

Majirani wakaangua kicheko. Papa Émile akacheka mpaka kiti kikalia, akamwinamia Sultani na kumwambia, "Wewe, pagani!" Na alipoinama, Mwalimu Lukumani alinyoosha mkono bila haraka, akakitoa kitambaa kwenye pembe, akakikung'uta. Akasoma maneno. Kisha akayageuza yakaelekea chini, akakitandaza juu ya sahani ya tende.

"Inzi wamezidi," akasema.

Anselme alikitazama kitambaa kile juu ya tende, na uso wake, uliokuwa ukiwaka, ukazimika. Alphonsine hakupata kumwona mumewe hivyo tangu siku aliposimama kumposa.

Jua likazama. Adhana ikasikika. Bi Hadidja, kama jana, akamgeukia.

"Mkwe wangu, tuombee."

Majirani wakavuta pumzi ndefu, kama watu wanaoingia majini. Anselme akasimama.

"Bwana," akasema, "wasitiri hawa kama walivyowasitiri wengine. Amina."

Akaketi.

Mwalimu alikuwa bado hajaishika tende. "Imekwisha?" akauliza jirani mmoja.

"Saumu imemfupisha," akasema Papa Émile kwa mshangao. "Aisee! Tungefunga sote mapema."

Anselme akaisukuma sahani ya tende kwa wenyeji, yeye hakuchukua. "Papa Émile," akasema, "Claire hatakwenda nasi. Atasoma hapa, atakaa nyumba hii."

"Kwa Waislamu?"

"Kwa bibi yake. Ukiulizwa na kanisa, useme nimeamua mimi, na kwamba sijaona pahali mtoto wangu atasalimika kuliko hapa."

Papa Émile akatafuna tende, akafikiri. "Na Jumapili?"

"Jumapili nitampeleka mimi," akasema Bi Hadidja, "kama nilivyompeleka mama yake. Nitamngoja mlangoni. Lakini nakuambia mapema: mhubiri akiomba kama mkwe wangu alivyoomba jana, mtamrudisha nyumbani wenyewe."

Usiku, Alphonsine alimwuliza mumewe mbona hakugusa kitu ila maji. "Kesho nalipa ya leo," akasema, na kesho yake alifunga kweli, wala hakumwambia mtu. Mkewe alijua kwa sababu siku nzima hakumtaja mamba hata mmoja.

Lori la Bengamisa lilipokuja, Claire alilia, akacheka, akalia tena. Bi Hadidja akamfikia Anselme, uso ameuinamisha kwa heshima ya ukwe, akampa kitambaa kilichofuliwa na kupigwa pasi, kimefunga kitu kizito chenye joto.

"Kwanga," akasema. "Ule njiani, baba, mchana peupe. Mbuzi nimemfunga."