Mazishi ya Idara ya Historia

Marcelino Komba ni mtani wangu, na kabla sijaeleza jinsi alivyopigwa nataka hilo lieleweke. Mimi ni Mhehe wa Kalenga, yeye ni Mngoni wa Peramiho. Babu zetu walichinjana mpaka wakachoka, wakaona afadhali vita igeuke kuwa matusi, na matusi hayo tukayarithi sisi yakiwa bado ya moto. Tulikutana tukiwa walimu vijana katika chuo kikuu kimoja cha binafsi hapa Iringa, mimi nikifundisha historia na yeye falsafa, na tangu siku hiyo hakuwa akiniita kwa jina langu. Aliniita mla mbwa. Mimi nilimwita mla panya. Akija nyumbani hakuketi sebuleni kama wageni wengine, aliingia jikoni, akafunua sufuria na kumuuliza mke wangu, "Shemeji, leo mmemchinja yupi, Simba au Tomi?"

Mama yangu alipofariki, Marcelino alishuka kaburini akalala chali, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Aliniambia mbele ya mchungaji kwamba mama alikuwa mwanamke mzuri na bahati mbaya yake ilikuwa ni kunizaa mimi. Nilicheka huku kamasi zinanitoka. Mimi ni mtu wa hasira, chuo kizima kinajua, na Marcelino alikuwa mtu pekee duniani aliyeweza kunitukana nikapoa. Mtu akikuuliza kwa nini nampenda, sababu ni hiyo.

Sasa nije kwenye chuo. Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Andendekisye, alituita ukumbini mwezi Machi, mvua ikipiga bati hatusikilizani. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na kiatu kisichojua tope la Iringa. Alituonyesha picha za mistari inayopanda na mistari inayoshuka. Sisi tulikuwa mstari unaoshuka.

"Soko limeongea, ndugu zangu," alisema. "Mzazi anataka mwanawe apate ajira. Chuo hakiwezi kuwa makumbusho."

Historia ikafutwa, Kiswahili kikafutwa, falsafa ikafutwa. Vikabaki uhasibu, uuguzi, kompyuta, na ununuzi na ugavi. Niliinuka nikamuuliza hilo soko liliongea kwa lugha gani, maana Kiswahili nacho amekifuta. Watu wakacheka. Yeye akanywa maji, akasema mkataba wangu utakwisha mwezi wa sita na ananishukuru kwa utumishi uliotukuka. Ningekuwa na jiwe mkononi ningelitumia, sifichi.

Wanafunzi wetu wa mwaka wa pili wakaambiwa wahamie ununuzi na ugavi. Ndiyo, vijana waliokuja kusoma historia wakasomee namna ya kuagiza karatasi za ofisi. Aliyeumia kuliko wote alikuwa Didas, kijana wa Ilomba kule Mbeya, mwembamba, mwenye macho makali na mdomo usiopumzika. Alizaliwa mjini, akakulia mjini, na kwao walikuwa mchanganyiko wa makabila kiasi kwamba nyumbani walizungumza Kiswahili tu. Ndiyo maana aliipenda historia kwa pupa, kama mtu anayetafuta ndugu zake. Alikuwa mwanafunzi wangu bora na nilimpenda kama mwanangu.

"Mwalimu, hawa jamaa wametuzika hai," aliniambia. "Basi na sisi tutafanya msiba. Tena wa maana."

Nilikubali. Wazo lilinifurahisha mno. Wakavunja madawati mabovu ya idara wakatengeneza jeneza, wakalijaza vitabu, wakaandika ubavuni kwa chokaa, HISTORIA, LALA SALAMA. Wakachimba kaburi katika bustani ya maua chini ya dirisha la Profesa Andendekisye. Mimi nikateuliwa kuwa mfiwa mkuu.

Lakini kulikuwa na jambo lingine likitokota pembeni. Marcelino alikuwa amebakizwa. Falsafa ilikufa, ila chuo kilitaka mtu wa kuwafundisha wahasibu somo la maadili ya biashara, naye akakubali, kwa sababu ana watoto na watoto wanakula. Mimi mwenyewe nilimwambia akubali. Kwenye simu za wanafunzi lakini aliitwa msaliti. Walisema ndiye aliyetuuza. Nilimkaripia Didas mbele ya wenzake, nikamwambia aache upuuzi. Alitazama viatu vyake, nami nikadhani ameelewa.

Nilipomweleza Marcelino hayo aliguna. "Wamenibakiza kwa sababu sina gharama. Panya mmoja nakula wiki nzima. Wewe mbwa mzima unamaliza kwa kiamsha kinywa, chuo gani kitakuweza?"

Siku ya mazishi ilikuwa asubuhi ya jua kali na upepo baridi ule wa Iringa. Wanafunzi walikuja wamejaa, hata wauguzi na mavazi yao meupe. Wasichana walijifunga khanga viunoni, wakalia kilio cha kuigiza ambacho baada ya muda kiligeuka kilio cha kweli, maana kila mmoja alikuwa na lake. Didas na wenzake walibeba jeneza mabegani. Mimi niliketi kwenye mkeka kando ya kaburi, shuka begani, uso nimeukunja. Juu, nyuma ya pazia, nilimwona Profesa akichungulia. Damu ilinichemka kwa raha.

Ndipo Marcelino akatokea. Nilimwona kwa mbali nikajua mara moja amekuja kufanya nini, na moyo wangu ukafunguka. Msiba ni msiba, na Mhehe akifiwa Mngoni hawezi kukaa nyumbani. Alikuwa amevaa koti ndani nje. Uso ameupaka majivu. Mkononi alishika mwiko mkubwa wa kusongea ugali, na shingoni amejivika kamba ya mbwa. Akapita katikati ya waombolezaji akiwasukuma kwa mabega, akafika kwenye jeneza lililokwisha kutuliwa chini, akalipiga teke, halafu akalikalia.

"Haziki mtu hapa," alisema kwa sauti ya kilevi. "Mnazika mbwa huyu bila kumchuna? Nyama yote hii iende bure? Nani mwenye maiti?"

"Mimi," nilisema, nikijizuia kucheka.

"Wewe? Wewe ndiye uliyemuua. Umefundisha vibaya mpaka marehemu akaona bora afe." Akanijia, akanichapa na ule mwiko mgongoni, akanishika kola. "Ingia na wewe, tuwafukie pamoja, tupumzike."

Akanisukuma kaburini. Halikuwa refu, lakini nilianguka vibaya, mdomo ukagonga ukingo wa udongo na meno yakaupasua. Nilisikia damu ulimini. Nilikaa mle chini, kichwa nimekiinamisha magotini, nikacheka. Nilicheka kuliko nilivyocheka kwenye kaburi la mama. Miezi ile yote ya uchungu ilinitoka kwa mpigo mmoja, sikuweza kupumua, mabega yakitikisika, machozi yakichuruzika na kuchanganyika na damu kidevuni.

Wao waliokuwa juu waliona nini? Waliona mzee wao anatukanwa mbele ya umati, anachapwa, anatupwa shimoni. Waliona damu. Waliona mabega yanatikisika. Na aliyefanya hayo alikuwa mtu aliyebakizwa na uongozi. Utani tulikuwa tunaufundisha mwaka wa tatu, na mwaka wa tatu wao ulikuwa umefutwa.

Pigo la kwanza nililisikia kabla ya kuliona. Lilikuwa zito, la mti mbichi kwenye mfupa. Nikainua kichwa. Didas alikuwa amechomoa mpini wa jembe tulilochimbia kaburi, na Marcelino alikuwa amepiga magoti, mkono usoni, damu ikipenya vidoleni. Bado alikuwa anatabasamu. Hilo ndilo siwezi kulisahau. Alidhani watani wengine wamejitokeza na kwamba mchezo umenoga.

Pigo la pili likamfuta tabasamu. Kisha wakamwangukia wote.

"Msaliti! Msaliti!"

Sijawahi kuona watu ninaowajua majina wakifanya kitu kile. Blessing, binti mpole wa kwaya ambaye hakuwahi kuinua sauti darasani, alimpiga na kiatu kichwani, na tena, na tena, khanga ikimdondoka. Mwingine aliokota ubao wa jeneza wenye misumari. Jeneza lilipasuka na vitabu vikamwagika, nao wakamkanyaga Marcelino pamoja na vitabu. Nilipanda, udongo ukaporomoka, nikarudi chini. Nilipiga kelele, "Ni utani! Mwacheni, ni utani!" Mdomo wangu ulikuwa umevimba na kelele zao zilikuwa kubwa. Msichana mmoja aliyekuwa karibu alinishika mkono kunivuta akaniambia, "Pole, Mwalimu, usilie, tunamshughulikia."

Nilipotoka walikuwa wamekwisha kumburuta kwa ile kamba ya mbwa shingoni. Uso wake haukuwa uso. Jicho la kushoto lilikuwa limezama ndani ya nyama. Nilimrukia Didas kwa nyuma, nikamnyang'anya mpini. Nilimpiga mkono nikasikia umevunjika, akaanguka, nami nikampiga tena mgongoni na miguuni, mtoto niliyempenda. Hakujikinga. Aliniangalia kwa mshangao mtupu.

"Mwalimu, alikupiga," alisema. "Alikutupa shimoni. Tulikuona unalia."

"Nilikuwa nacheka," nilimwambia.

Hakuelewa. Nilirudia, nikiwa nimemsimamia na mpini juu, "Nilikuwa nacheka, mjinga wewe, huyu ni mtani wangu." Nikaona jinsi neno lile linavyomwingia polepole, na alipolielewa akaanza kutapika.

Walinzi wa chuo, waliokuwa wamejificha tangu mwanzo, sasa wakapata ujasiri. Walikuja na marungu wakapiga kila aliyekuwa karibu, wauguzi na mavazi yao meupe, walioshiriki na wasioshiriki. Mimi nilipata langu la bega nikiwa nimemlalia Marcelino. Watu walikimbia wakikanyagana mpaka getini. Bustani ilibaki na viatu, khanga na kurasa. Nilimshika kichwa nikamwita mla panya, mla panya, mla panya wangu, amka. Alipumua kwa kukoroma.

Jioni Profesa Andendekisye alitoa tamko kwamba vurugu zile zinathibitisha busara ya uamuzi wa chuo, kwa kuwa zimeongozwa na wanafunzi wa masomo yasiyo na tija. Didas alifukuzwa akiwa na plasta mkononi. Alinitumia ujumbe mmoja tu, akiuliza kama mzee ataishi. Sikumjibu.

Anjela, mke wa Marcelino, alimhamishia hospitali ya Mbeya, ambako ana dada wa kumsaidia kumuuguza. Walimtoa lile jicho. Kwa wiki kadhaa hakuruhusiwa wageni, nami nilikaa nyumbani nikitunga matusi. Nasema kweli. Wengine hutunga sala. Niliyapanga moja moja, mapya, mabaya kuliko yote niliyowahi kumtukana, kwa sababu nilijua yatamwinua. Anjela aliponipigia kusema anazungumza, nilikwenda sokoni Iringa nikanunua mtego wa panya, ule wa waya, nikapanda basi.

Njia nzima niliushika mapajani. Tulipofika Chimala, wauza mchele waligonga vioo vya basi, na mama mmoja alipouona mtego akauliza kama kwetu panya wamezidi. Nilimwambia nampelekea mgonjwa, mtani wangu Mngoni, hao ndio chakula chao. Akacheka sana. Huyu alielewa bila kufundishwa na mtu, nikafurahi, nikanunua mchele wake.

Wodini Marcelino alikuwa amekaa kitandani, amekonda, bendeji imemfunika nusu ya uso. Taya lilikuwa limepona kwa kupinda. Anjela aliinuka kunipokea.

"Karibu, shemeji. Amekungoja."

Niliuweka mtego juu ya shuka, magotini pake. "Nimesikia hospitali hawapiki panya," nilisema kwa sauti ya kusikika wodi nzima. "Jitafutie mwenyewe, mvivu wewe. Na hilo jicho usililie, Wangoni mlikuwa hamuoni hata mlipokuwa na mawili. Ndiyo maana tuliwapiga."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliinua kichwa ghafla. Mlango ukafunguliwa, muuguzi kijana akatazama ndani. Nikamwona Marcelino anashtuka. Mkono wake ulipanda usoni wenyewe, ukalifunika jicho lililobaki, na mwili wote ukajikunja ukutani. Alikaa hivyo mpaka muuguzi alipoondoka.

Kisha akauteremsha mkono, akaunyoosha kwangu, nikaushika.

"Karibu, Dokta Kikoti," alisema taratibu, taya likimsumbua. "Pole na safari."

Sikuwa nimewahi kulisikia jina langu kinywani mwake. "Nitukane," nilimwambia. "Marcelino, nitukane hata kidogo."

"Asante kwa zawadi. Asante kwa kunikumbuka."

"Mla panya."

Alitikisa kichwa. "Naogopa, Dokta. Nikifungua mdomo namna ile naona watu wanakuja." Akamtazama mkewe, naye Anjela akautwaa mtego magotini pa mumewe, akauweka chini ya kitanda.

Marcelino akaniuliza habari za nyumbani. Nikamjibu nzuri. Akauliza watoto hawajambo, nikasema hawajambo. Akauliza kama mvua zimewahi Iringa mwaka huu, nikamweleza kuhusu mvua, yote niliyoyajua, naye akanisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.